Bajaji haina mlango: nifanyeje wasiniibie nikiipaki?

Swali la msomaji: «Shikamoo fundi. Nina bajaji moja, dereva wangu ananiletea hesabu kila jioni na bajaji inalala kwangu. Naishi Mbagala, nyumba ya kupanga, haina geti, kwa hiyo naiegesha ukutani pembeni ya baraza. Ndani ya miezi minne nimeibiwa betri mara mbili, na wiki iliyopita wamebeba spika zote mbili na tairi la spea. Mchomeleaji wa mtaani kwetu ananishauri nitengeneze milango ya chuma pande zote mbili, anasema 450,000 na habari imeisha. Mwingine anasema nifunge GPS tu. Nichague kipi?»

Marahaba dada yangu, na pole sana. Huyo mchomeleaji utamhitaji, ila si kwa milango. Na GPS nitaifikia, lakini jua mapema kwamba haikurudishii betri.

Milango naikataa kwa sababu nimeiona ikiletwa gereji kutolewa. Fremu ya bajaji ni mabomba na bati, haikupigiwa hesabu ya kubeba mageti. Uzito ukiongezeka juu na pembeni, chombo chenye tairi moja mbele kinaanza kuyumba kwenye kona ambazo zamani kilikuwa kinazipita bila wasiwasi. Kikilala ubavu, abiria anayetoka kirahisi leo atakuwa amefungiwa. Tena mwizi wako hahitaji kupita mlangoni. Injini iko nyuma na inafikiwa kwa nje, tairi ziko nje, taa ziko nje. Kibaya zaidi, mtu akishaweka mlango na kufuli anaanza kuacha vitu ndani: mwamvuli, begi la dereva, chenji. Umetumia karibu nusu milioni kumwambia kibaka kwamba humu kuna kitu.

Ngoja nikusimulie kilichonifundisha. Niliendesha bajaji miaka kadhaa kabla sijafungua gereji. Siku moja mchana nilimpeleka bibi mmoja hospitali, hospitali yenye walinzi getini na watu wamejaa. Hakuweza kupanda ngazi peke yake, nikamshika mkono mpaka mapokezi, nikahakikisha amekaa, nikarudi. Hazikufika dakika kumi. Ufunguo ulikuwa mfukoni, simu mfukoni, nikajiona mjanja. Nikakaa, nikawasha swichi. Hakuna taa ya dashibodi. Nikabonyeza stata: kimya, hata ule mlio mdogo wa rilei haupo. Nikainua kiti. Nyaya mbili zinaning'inia, wala hazikukatwa, zimefunguliwa. Na zile bolti mbili ndogo za kwenye vichwa vya betri ameniachia pembeni, zimepangwa, kama fundi anayekwenda kunywa chai na kurudi.

Betri iliniuma, lakini zile bolti ziliniuma zaidi. Mtu yule hakuja na nondo wala mkasi wa chuma. Alikuja na spana namba 10 mfukoni, na nilikuwa nimemwekea kila kitu kiasi cha spana namba 10.

Tangu siku ile nikiangalia chombo chochote cha wazi najiuliza jambo moja: ningekuwa na spana ya 10, bisibisi na dakika tatu, ningeondoka na nini? Nakuomba ufanye hivyo leo jioni na dereva wako. Mpe spana, shika simu yako uhesabu dakika, mwambie akuibie. Usicheke, fanya kweli. Atakachokifungua ndani ya dakika tatu ndicho kitakachoibwa mwezi ujao. Chombo kisicho na mlango huwezi kukifunga, unachoweza ni kukifanya kila kifaa chake kiwe na mlango wake.

Tuanze na betri, maana ndiyo inayokutesa. Betri inaibwa kuliko vitu vingine kwa sababu ina wateja wawili. Anayetaka betri ya bei rahisi ananunua, na ikiwa imekufa, mnunuzi wa chuma chakavu anaipima kwa kilo kwa ajili ya risasi iliyo ndani. Kwa hiyo usijidanganye kwamba betri kuukuu iko salama. Iwe ya kwako imekaa chini ya kiti cha dereva au nyuma kwa injini, dawa ni ileile: kizimba. Engo ya inchi moja kwa fremu, bapa la chuma la milimita 3 kupita juu kama mkanda, upande mmoja bawaba, upande wa pili kufuli.

Hapo kuna mambo ambayo mchomeleaji wa mageti hayajui, kwa hiyo msimamie. Kizimba kifungwe kwenye chesisi kwa bolti zinazoingia kutoka ndani, nati zikae mahali ambapo huzifikii mpaka kufuli liwe wazi. Bawaba nazo ziwe upande wa ndani, la sivyo mwizi ataacha kufuli lako linang'aa na kung'oa bawaba. Usikizibe kama sanduku. Betri ya maji ikichajiwa inatoa gesi ya haidrojeni, inayolipuka, kwa hiyo iache ipumue. Halafu juu, kati ya vichwa vya betri na lile bapa la chuma, weka raba nene, hata kipande cha tairi kuukuu. Nimeletewa bajaji iliyoungua wayaringi yote kwa sababu mwenyewe alitengeneza kizimba kizuri, akapita shimo kubwa, betri ikaruka ikagusa chuma. Mwizi angemharibia kidogo kuliko hapo.

Kufuli lenyewe usilining'inize nje. Mwambie fundi alitengenezee kikombe, yaani kipande cha bomba la chuma kinacholizunguka, mkono wenye ufunguo uingie lakini mkasi usiingie. Kikombe hicho ni cha hela ndogo na kinasaidia kuliko kununua kufuli la bei mbaya ukaliacha uchi.

Spea. Tairi la bajaji ni dogo, hizi 4.00-8, mtu analibeba begani kama anatoka kuziba pancha na hakuna atakayemuuliza. Zamani nilikuwa nawashauri watu wachomelee ile bolti ya spea. Siku hizi sishauri, maana nimewaona madereva wamekwama njiani na pancha wanaangalia spea yao wenyewe bila uwezo wa kuitoa. Kwa bajaji inayofanya kazi ndani ya mji tu, ambako kila mita mia kuna mziba pancha, mwambie dereva ailete spea ndani usiku pamoja na hesabu. Inaingia mvunguni. Ikiwa inatoka kwenda mbali, pitisha kipande cha mnyororo katikati ya ringi na kwenye chesisi, kufuli moja, basi.

Spika sina la kukuficha: usinunue nyingine kubwa. Najua abiria vijana wanapenda muziki na dereva atakuambia biashara imepoa. Mnunulie spika ya bluetooth ya kuchaji, aende nayo kwake. Kitu kinachoingia kwapani hakilali kwenye bajaji. Na hili liwe kwa vyote: kishikio cha simu, chaja, mazulia kama ni mapya, koti la mvua. Kadi halisi ya bajaji ndiyo isikae humo kabisa, hata mchana. Mwizi wa spika anaweza kuwa kibaka tu, lakini bajaji yenye kadi yake ndani mwizi anaweza kuiuza kama mali yake.

Vilivyobaki ni vile visivyoingia ndani: taa, indiketa, vioo vya pembeni. Umeona magari ya Dar yalivyochorwa namba za usajili kwenye vioo na taa, na mengine yamepigwa ribiti. Watu wanaona ni ushamba, mimi naona ni akili. Kioo chenye namba yako kinamtia mnunuzi wasiwasi, na mwizi anaiba anachoweza kuuza. Chora namba kwenye vioo, kwenye lenzi za taa, kwenye betri pande zote na chini yake pia. Chini ndiko ambako hawapigi msasa.

Kwenye bolti nina hila moja ninayoipenda. Badilisha zile za kichwa cha kawaida uweke za alen, zile za kufunguliwa kwa ufunguo wa L. Ukishakaza, chukua gololi ya beringi iliyochakaa, ndogo, inayobana kwenye lile tundu, ipige kwa nyundo taratibu mpaka ikae sawa na kichwa. Ufunguo wa L hauna pa kuingia. Fundi wako akitaka kufungua siku moja atatoboa kwa drili, dakika kumi na kelele. Usifanye hivyo kwenye kitu unachofungua kila mwezi, na kamwe si kwenye nati za tairi wala chochote cha breki. Taa na trei ya kizimba tu.

Kama una gari la wazi la aina nyingine, mantiki haibadiliki, na naongeza hili kwa sababu wenye Suzuki za turubai nao wananiuliza. Turubai linachanwa kwa wembe. Kulishona kunakugharimu kuliko mwavuli uliokuwa ndani, kwa hiyo bora liwe halijafungwa zipu na ndani kuwe kweupe, mwizi achungulie aone hakuna kitu aende zake. Wenye Jeep Wrangler, ambazo milango yake inatolewa kwa bolti za kichwa cha nyota na boneti yake inafunguliwa kwa nje bila ufunguo, huongeza kufuli za boneti kwa sababu hiyohiyo ya betri. Gari la mamilioni na bajaji ya Mbagala zote zinasumbuliwa na mtu mwenye kifaa kinachokaa mfukoni.

Sasa usiku. Ukuta wako ni mali, utumie. Iingize bajaji kwa nyuma, makalio yagusane na ukuta kiasi cha mkono kutopita, kwa sababu nyuma ndiko kwenye injini na ndiko mwizi anapenda kuchuchumaa bila kuonekana. Kata usukani, ufunge kwa ufunguo. Halafu mwombe mwenye nyumba ruhusa ya kuchimbia pete: nondo ya milimita 16 iliyokunjwa, imezama kwenye zege, na mnyororo upite kwenye pete na kwenye chesisi. Usiupitishe kwenye tairi, tairi linafunguliwa kwa spana. Mnyororo unaouzwa kwa mita dukani ni chuma laini, mkasi mkubwa unaukata mara moja. Ukiweza tafuta ule uliokomazwa, uzito wake tu utaujua. Na usiuache ukalala chini mchangani. Mwizi anapata mahali pa kuegemeza mkasi, aukanyage kwa uzito wake wote. Ukiwa juu, unaning'inia, anahangaika.

Usiniambie nani ataiba bajaji nzima. Watu watatu wanaisukuma ikiwa kimya kama mkokoteni, na wakifika barabarani kuna pikapu.

Taa ya sola yenye kuhisi mtu akipita ni nzuri kwa baraza lisilo na geti, lakini iweke juu, kwa sababu nayo inaingia kwapani. Alamu ya mtikisiko sina ugomvi nayo, ila punguza ukali wake. Ikilia kila lori linapopita na kila mvua, wiki ya pili majirani watakuwa wameizoea, na siku ya siku watavuta shuka. Hao majirani ndio alamu yako ya kweli. Mama anayeamka alfajiri kukaanga vitumbua amekuona mara ngapi? Mpe namba yako ya simu, na mkiwa na mlinzi wa mtaa wa kuchangia, changa kwa wakati.

GPS. Kama shida yako ingekuwa bajaji kuondoka nzima, ningekuambia funga kesho. Kwa betri na spika haina msaada, tena ukiibiwa betri nayo inabaki na akiba yake ndogo ya ndani halafu inazima. Ukiamua kuifunga, mambo matatu. Laini yake iwe na bando muda wote. Isikae chini ya bati, ikae chini ya plastiki au turubai ione anga. Na ile huduma ya kuzima injini kwa simu, usiitumie chombo kikiwa kinatembea, maana kuna abiria ndani na nyuma kuna daladala. Hivi vibati vidogo vya kutafutia funguo, kama AirTag, vinategemea simu za iPhone za watu wanaopita karibu, kwa hiyo katikati ya mji vinaweza kukusaidia na vichochoroni visikusaidie.

Kuna anayeogopa kwamba GPS na alamu vitamaliza betri. Hesabu ni rahisi. Kifaa kinachokula miliampia 20 kwa saa 24 kinakula karibu nusu ya Ah (ampia-saa, kipimo cha akiba ya betri). Chukua betri ya 32 Ah: mpaka ifike nusu ni zaidi ya mwezi mzima bila kuwasha. Bajaji ya kazi hailali hata siku tatu. Ikiwa dereva amesafiri mwezi, chomoa.

Swichi ya siri ya kuzuia isiwake ni nzuri na ni rahisi kuliko GPS, lakini mwone fundi umeme na si rafiki wa dereva. CDI, kile kiboksi kinachopeleka cheche kwenye plagi, nyingine zinazimwa kwa kukatiwa umeme wa betri, nyingine zinazimwa kwa kuunganisha ule waya wake wa kuzimia na bodi. Anayekosea anakuunguzia CDI.

Hapa nazungumza taratibu, dada yangu, kwa sababu sijui dereva wako na sitaki kumsingizia. Betri mbili ndani ya miezi minne, usiku, pale pale ukutani. Aliyekuja alijua betri ilipo na alijua ni saa ngapi mnalala. Mara nyingi si dereva, ni mtu wa jirani na dereva: deiwaka aliyeshikishwa siku mbili, kijana wa kuosha, fundi aliyeifunga hiyo betri. Usigombane na mtu bila ushahidi. Mwambie tu dereva kwamba kuanzia sasa hakuna deiwaka bila wewe kuambiwa jina lake, funguo za kizimba ziko mbili, moja kwako na moja kwake, na jioni akileta hesabu mnainua kiti pamoja mnaangalia. Dereva mwema atafurahi, kwa sababu na yeye anachoka kuangaliwa kwa jicho hilo.

Mchana ni kazi yake, lakini mkumbushe yale ya msingi. Akishuka kumsaidia abiria mizigo, ufunguo unashuka naye. Kijiweni kuna macho ya wenzake, kwa hiyo akitaka kula akale akiwa amepaki kijiweni, asiende kujificha kivulini peke yake. Na abiria akiacha mzigo akasema «nakuja sasa hivi», mzigo ukae miguuni kwa dereva, si kiti cha nyuma.

Kuhusu fidia, angalia bima yako. Hii ndogo ya mtu wa tatu, ambayo ndiyo wengi wanakata kwa sababu sheria inailazimisha, hailipi wizi. Kubwa inalipa chombo kikiibwa, lakini soma masharti kwa vitu vilivyoongezwa kama spika. Hata hivyo nenda polisi uchukue RB kwa kila tukio, pamoja na zile betri mbili. Siku ukipita sokoni ukaiona spika yako, usiinunue na usimvae muuzaji. Anayepokea mali ya wizi naye ana kosa kisheria, lakini ni RB yenye maelezo ya alama zako itakayompa askari pa kuanzia. Ndiyo maana nilikuambia uchore.

Kwa hiyo mrudie mchomeleaji wako na kazi mpya: kizimba cha betri, kikombe cha kufuli, pete ya ukutani. Ila asikichomelee kizimba kikiwa juu ya bajaji. Umeme wa mashine unaua CDI, na tangi la petroli liko hapohapo karibu. Apime, akakichomelee mezani, kipoe, kipakwe rangi, ndipo aje akifunge kwa bolti. Akikuambia hakuna haja, betri itachomolewa tu na kazi itaenda, tafuta mchomeleaji mwingine.